Misemo ya Kiingereza Isivunjwe Vipande

Mwezi huu twataka kusema juu ya misemo ya Kiingereza, maana imewakwaza wengi, hata wale ambao maneno ya kitabuni wanayajua vema.

Mwalimu mmoja alimwandikia rafiki yake Mwingereza aliyefiwa na baba. Alikuwa amejifunza ya kwamba “kick the bucket”, yaani kupiga ndoo teke, maana yake ni kufa. Basi akautia msemo huo katika barua ya rambirambi. Maana aliipata sawasawa, ila hakuambiwa ya kuwa Waingereza huusema kwa mzaha. Mfiwa akaona anachekwa katika msiba wake, wala hakujibu. Hata mwalimu alipoelezwa kosa lake, akaandika tena kuomba radhi, ndipo urafiki ukapona.

Tusimcheke, kwa maana lugha yetu nayo ina mitego. Mgeni akisikia ya kuwa kijana fulani amepata jiko, atatazama moshi watoka wapi, kumbe kijana ameoa. Akiuvunja msemo neno moja moja hataambulia kitu.

Tena iko misemo ambayo maana yake twaijua tayari. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, Kumbukumbu la Torati 32:10, mna maneno “the apple of his eye”. Neno kwa neno ni tofaa la jicho. Waingereza wa kale waliiita mboni tofaa, kwa kuwa waliidhani ni kitu kigumu cha mviringo kama tunda. Sisi twasema mboni ya jicho, na mtoto tumpendaye sana twamwita hivyo.

Basi mkutapo msemo msioujua, kwanza usomeni pamoja na maneno yaliyoutangulia na yaufuatayo. Pili, mwulizeni mwenye lugha: Nani huusema, humwambia nani, na wakati gani? Tatu, mpaka mjibiwe, tumieni maneno ya wazi. Mwalimu yule angaliandika, “I am sorry that your father has died,” maneno ambayo hata mtoto wa shule ayajua, angalimfariji mwenzake.

Wazazi na walimu, wazoezeni watoto kuuliza pasipo haya. Wahenga walisema, Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.