Dragsta ya uani: uza fremu, usiuze gari zima

Leo siongelei jinsi ya kupiga picha nzuri wala saa nzuri ya kuposti. Naongelea sekunde 17 nilizozikata kwenye video, na laki sita za mtu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Zuzu hapa Dodoma. Natengeneza mageti, madirisha, mikokoteni na majiko ya mkaa, na sehemu kubwa nauza kwa simu, maana duka lenyewe ni uani kwetu. Mwaka jana mdogo wangu alinionyesha picha za magari ya Wamarekani ya miaka ya 1950, yale wanayoyaita dragsta. Mabomba mawili yamelala, injini iko wazi katikati, tairi za nyuma nene, za mbele nyembamba kama za baiskeli, na dereva amekaa mwisho kabisa, nyuma hata ya ekseli. Ni gari la kukimbia mstari mnyooka tu, robo maili, yaani kama mita 402, basi. Akaniambia, "Kaka, hii si mkokoteni tu wenye injini?" Na kweli ukiitazama, ni mkokoteni. Tukaanza kujenga.

Niwaeleze tulivyojenga, maana najua mtauliza inboksi. Bomba tulitumia jeusi la inchi moja na nusu, siyo lile la maji lenye zinki. Zinki ukiichomelea moshi wake unakulaza na homa, na mshono wenyewe unatoka na matundu. Bomba linauzwa mita 6. Tulikata vipande viwili vya mita 2.4 kwa ubavu, mita 1.2 iliyobaki ikawa ya kuunganisha katikati. Wilibesi, yaani umbali kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, ikatoka mita 1.8. Hakuna mhandisi aliyepiga hesabu hapo, bomba liliisha. Injini ni ya bodaboda ya cc 150 iliyopata ajali, cheni inakwenda moja kwa moja kwenye shafti ya nyuma, difu hakuna, tairi zote mbili zinazunguka pamoja. Hilo si kosa, hata dragsta za kweli ziko hivyo. Nyuma tukafunga tairi za bajaji, mbele rimu za baiskeli ya Phoenix. Breki moja tu, kwenye shafti ya nyuma.

Ilipendeza, sitadanganya. Dragsta fupi ina sura ya kupendeza kuliko ndefu, kwenye picha inajaa vizuri. Na hapo ndipo mtego ulipo kwa sisi tunaouza kwa picha.

Ufupi una gharama yake. Dereva anakaa nyuma ya ekseli ili uzito ukandamize tairi za nyuma, zing'ate ardhi. Lakini uzito ukihamia nyuma, mbele panabaki pepesi, na gari likiwa fupi pua inanyanyuka upesi zaidi. Mkia nao ukianza kuyumba hupati muda wa kuuwahi. Aliyewahi kusukuma toroli fupi kwenye mteremko ananielewa, linageuka ukilitazama tu. Wamarekani wenyewe walijifunza kwa gharama, wakawa wanarefusha mwaka hadi mwaka. Leo zile kubwa kabisa, Top Fuel, zina wilibesi ya inchi 300, yaani mita 7.62. Ni zaidi ya mara nne ya ya kwetu.

Tulijaribia kwenye kiwanja cha vumbi. Gia ya kwanza poa, ya pili poa. Ya tatu mkia ukaenda kulia, mdogo wangu akarudisha, ukaenda kushoto, akarudisha tena, kisha gari likaingia kwenye minyaa. Rimu ya Phoenix ilijikunja kama chapati, kwa sababu spoku za baiskeli zinabeba uzito wa juu kwenda chini, hazikutengenezwa kusukumwa kwa ubavu. Dogo alivunjika mtulinga. Amepona, anacheka, mama ndiye hacheki mpaka leo.

Video nzima ilikuwa sekunde 31. Niliposti 14.

Siku mbili simu haikupumzika. Mzee mmoja wa Singida akaniambia, "Fundi, nifanyie moja kama hiyo hiyo, ni ya kijana wangu, anatimiza miaka 15." Nikataja milioni moja na laki nane, hakupunguza hata mia. Akatuma advansi ya laki sita. Nikanunua mabomba, nikanunua injini. Nikachomelea fremu siku tatu, nikiwa na dogo pembeni yangu mkono umefungwa shingoni, ananishikia bomba kwa mkono mmoja.

Siku ya nne nilishindwa. Nilimpigia mzee, nikamtumia zile sekunde 17. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua." Laki sita nilimrudishia kwa awamu tatu, maana hela ilishageuka chuma. Alinisema kwenye kundi lenye watu wengi, na alikuwa na haki.

Maoni yangu sasa, na najua wapo watakaonipinga. Ukitengeneza chombo cha kukimbia nyumbani, usikiuze kizima kwa mtu ambaye hajakigusa. Uza fremu.

Siyo wazo langu jipya. Wenyewe walioanzisha mambo haya walifanya hivyo hivyo. Los Angeles miaka ya 1950 kulikuwa na karakana inaitwa Chassis Research, ya Scotty Fenn, iliyokuwa inauza fremu za dragsta. Baadaye Dode Martin na Jim Nelson wa Dragmaster, kule Carlsbad, California, wakauza fremu zao za Dart. Mteja unanunua fremu, injini unatafuta mwenyewe, unafunga mwenyewe uani kwako na wenzako. Fundi aliuza kile alichokijua kuliko mteja, yaani vipimo na mshono. Na mteja alipomaliza kufunga alikuwa ameshalijua gari lake kila nati, kabla hajalikalia.

Karibu na sisi kuna chukudu za Goma, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, mpaka zimejengewa sanamu mjini. Zile zinauzwa nzima na sina neno. Lakini mnunuzi wa chukudu anakwenda kwa fundi, anaishika, anaisukuma, na anajua mteremko anaokwenda kushuka nayo. Mteja wangu wa Singida alijua sekunde 14 tu.

Kuna jamaa aliniambia, "Mbona bodaboda zinaua kila siku na zinauzwa?" Sawa, lakini bodaboda ina breki mbili zilizopimwa kiwandani, na mnunuzi ameshaona elfu moja zinapita mbele yake. Anajua ananunua nini. Dragsta yangu ilikuwa moja, na aliyeijua ni mimi, dogo na minyaa. Hata wazoefu wa dunia ziliwaumiza. Mwaka 1970 Don Garlits, bingwa wao, alilipukiwa na giaboksi iliyokuwa miguuni pake, ikamkata sehemu ya mguu. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma yake. Bingwa kama yule alibadilisha gari zima, mimi nilikuwa nabadilisha urefu wa video.

Mwingine akaniuliza, je fremu yenye mshono mbovu haiui? Inaua. Tofauti ni kwamba fremu naweza kuipima bila kuhatarisha mtu. Naiweka juu ya matofali pande mbili, napakia magunia ya mchanga katikati, nailaza hivyo usiku kucha, asubuhi naangalia kama imepinda au mshono umepasuka. Gari zima nitalipima na nani? Na dogo tena?

Kwa hiyo posti zangu za sasa ziko hivi. Picha ya mshono kabla ya rangi, maana rangi inaficha uchafu wote na mafundi wote tunajua. Urefu kwa sentimita, unene wa bomba, uzito niliopakia. Naandika wazi kwamba haina injini, haina breki, na hata ukiifunga kila kitu haina usajili, haipandi barabara ya umma. Wilibesi yangu fupi kabisa sasa ni mita 2.5, anayetaka fupi zaidi ya hapo simfanyii. Advansi napokea ya vifaa tu, na ya ufundi nalipwa ukishaona picha za magunia. Oda zimepungua, nisiwadanganye. Faida ya fremu ni ndogo na lazima nifanye na mageti ndipo tule.

Ile ya kwanza bado ipo uani, kuku wanaitagia kwenye kiti. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Manyoni aliiona kwenye picha ya geti, kwa nyuma kule, akaniuliza bei. Nikamtumia video, zote sekunde 31, na bei ya fremu. Ameona, hajajibu.