Mbingu ya Waliobeba Pembe
Kwenye mazishi mengi hapa Tabora, mhubiri akifikia habari za mbinguni huishia kwenye pumziko: marehemu ametua mzigo. Naelewa kwa nini maneno hayo yanatugusa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili begani, karibu kilo 32, wiki baada ya wiki kwa miguu. Lakini Ufunuo wa Yohana hauishii hapo, na natamani tusomewe kitabu chote. Katika sura ya 18 Yohana anataja shehena ya wafanyabiashara wa Babeli: dhahabu, kitani, vyombo vya pembe, na mwisho kabisa binadamu wenyewe, mwili na roho. Shehena ya namna hiyo ilipita Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, ambako mmisionari Livingstone alikaa kwenye tembe mwaka 1872. Kwanza biashara hiyo inaanguka, ndipo katika sura ya 21 mji mpya unashuka, wenye malango 12 yasiyofungwa, na Mungu mwenyewe anafuta machozi. Hapa kwetu, wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadre Weupe walilea Kipalapala watoto waliokombolewa utumwani. Kwa mtoto wa namna hiyo, machozi hayafutiki wakati soko lililomuuza bado liko wazi. Basi na binti wa kazi za ndani anayetumikishwa bila mshahara katika nyumba za waumini wetu asomewe sura zote mbili, na tajiri wake awe amekaa palepale akisikiliza.