Butembo na Beni: Oili ya msumeno ipimwe, isikadiriwe kwa jicho

Mbao nyingi zinazopita Butembo na Beni kuelekea mpaka wa Kasindi hupasuliwa na vikundi vidogo vyenye msumeno mmoja tu wa injini. Msumeno huo ukifa, mwendeshaji, msaidizi wake, wabebaji wa mbao na mwenye mashini wote hukosa mapato. Hata hivyo, oili inayoulinda bado inamiminwa kwa kukadiria: kifuniko kimoja leo, viwili kesho. Mazoea haya yanapaswa kukoma.

Injini ya msumeno si sawa na ya pikipiki za taxi zinazojaa mjini. Pikipiki ina oili yake chini ya injini. Msumeno hauna hifadhi hiyo. Oili pekee inayofika kwenye pistoni ni ile iliyochanganywa na petroli. Ikipungua, pistoni inakwaruza silinda na kukwama, na ukarabati wake ni mzito kwa mfuko wa mpasuaji.

Wengine hujibu hatari hiyo kwa kuongeza oili. Nalo ni kosa. Oili iliyozidi huleta moshi, huchafua plagi na kuziba njia ya moshi kwa masizi. Tena, kila tone la oili huchukua nafasi ya petroli, hivyo injini inaweza kupata moto zaidi badala ya kupoa.

Kipimo chenyewe si siri. Misumeno mingi ya sasa hutumia 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa bidoni la lita 5. Stihl na Husqvarna hutoa kipimo hicho kwa oili zao wenyewe. Kwa oili nyingine, Husqvarna hutaja 33 kwa 1, sawa na mililita 150 kwa lita 5, na vitabu vya zamani vya Stihl vilitaja 25 kwa 1, sawa na mililita 200. Kitabu cha mashini ndicho cha kufuatwa, si neno la jirani. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa latosha kupimia.

Aina ya oili ina uzito uleule. Oili ya pikipiki za kawaida haifai kabisa. Vilevile oili ya injini za mitumbwi, kama zile za wavuvi wa Kyavinyonge kwenye ziwa Edward: injini hizo hupozwa kwa maji, msumeno hupozwa kwa hewa. Chupa ya kununua ni ile iliyofungwa, yenye alama ya 2T na daraja la JASO FB, FC au FD.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wa hapa wanapaswa kulizingatia. Butembo iko juu, karibu mita 1,700, na Beni iko chini kwa mita mia kadhaa. Kabureta iliyorekebishwa katika hewa nyepesi ya Butembo, ikishuka Beni au Mambasa, hupata hewa nzito na petroli kidogo kwa kulinganisha. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Kwa misumeno isiyojirekebisha yenyewe, fundi aiangalie upya kule inakofanya kazi.

Watasema oili nzuri ni ghali. Lakini kwa 50 kwa 1, lita moja inatosha lita 50 za petroli. Wapasuaji watatu wakichanga, wananunua chupa iliyofungwa badala ya oili isiyojulikana ndani ya chupa ya maji. Na pale mwenye mashini anapomkodisha mwingine, ampe msumeno pamoja na oili na kipimo. Anayebana oili ya leo si yeye atakayelipia pistoni ya kesho.

Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, nayo ina kazi. Iko kwenye mpaka wa Kasindi, na ubora wa bidhaa zinazoingia ni jukumu lake. Oili bandia na petroli iliyochakachuliwa inayoishia kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale kadhafi, haitazuiwa na mpasuaji peke yake.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamefanya misitu ya Beni kuwa mahali pa hofu. Uamuzi wa kuingia huko hautegemei oili. Lakini kwa anayeingia, mashini iliyokwama huongeza siku msituni, na siku hiyo inaweza kugharimu zaidi ya pistoni.