Kabla ya kujenga kiwanda kingine cha korosho

Sisi tuishio huku Uingereza tukiingia dukani kununua korosho tunakuta pakiti zimeandikwa India au Vietnam. Inauma, kwa sababu tunajua sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi, na maganda yake, kwenda kubanguliwa huko huko. Jibu la wanasiasa wetu ni lile lile: jengeni viwanda. Jamani, viwanda vilijengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na vingi vikaishia kufungwa!

Tuonavyo sisi, tatizo si mashine tu. Kilo 4 za korosho ghafi hutoa kama kilo 1 ya zile za kula, wenyewe wanaziita korosho karanga, nazo hazitoki za aina moja. Zipo nzima kubwa, nzima ndogo, nusu, vipande na zilizoungua. Bado mafuta ya maganda, ambayo hutumika kwenye rangi na breki za magari. Mteja wa Ulaya akiagiza tani 10 za daraja la 320, yaani korosho nzima zisizozidi 320 kwa ratili moja, itakubidi ubangue zaidi ya tani 40, na hayo mengine yote yatakuja bila kuitwa. Kama huna mnunuzi wa vipande, fedha yako imelala ghalani, na benki inataka riba yake.

Halafu kuna msimu. Mwenye kiwanda Mtwara anatakiwa anunue kwa miezi michache mali ya kubangua mwaka mzima. Mwenzake wa India hana shida hiyo: korosho zetu zikimwishia, za Afrika Magharibi zinaingia sokoni.

Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuisomba. Mwaka 2019 ukaingia, mzigo mwingi ukiwa bado maghalani. Mkulima alilaumiwa, mnunuzi akalaumiwa, lakini hesabu ya nani abangue kiasi gani kwa mwezi hatukuisikia.

Kwa hiyo waziri atakapokata utepe mwingine, sisi hatutauliza mashine imetoka nchi gani. Tutauliza vipande atanunua nani, tani ngapi, na kuanzia mwezi gani.