KUJUA KWENDA SI KUJUA KUSIMAMA

Kila mwaka, mitihani ya Kidato cha Nne ikiisha, vijana wengi wa mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni huulizwa nyumbani swali moja: "Sasa utafanya kazi gani?" Na wengi wao, kabla hata matokeo hayajatoka, hujibu, "Nitaendesha bodaboda." Mimi sioni aibu yo yote katika jibu hilo. Kazi hiyo yalisha nyumba nyingi, na bila shaka wako miongoni mwetu tunaosoma gazeti hili ambao madaftari yao yamenunuliwa kwa fedha yake. Basi mtu asidhani ya kuwa nimeshika kalamu ili kuidharau. Nataka kusema machache juu ya namna tunavyoiingia kazi hiyo, maana naona ya kuwa twaiingia kwa mlango usiofaa.

Jina lenyewe la bodaboda lilianza mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakichukuliwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja mpaka wa pili. Hapa Tanzania pikipiki ziliwekewa kanuni za kubeba abiria kwa malipo mwaka 2010, na tangu hapo hakuna pembe ya mji isiyo na kijiwe. Sababu yake ni wazi. Daladala haiwezi kupenya vichochoro vya Tandale wala kuufuata mchanga wa ndani ya Mbagala na Chamazi, na pikipiki yaweza. Mgonjwa akizidiwa usiku wa manane, mara nyingi ni kijana wa bodaboda anayegongewa mlango. Kazi yenye manufaa kama hiyo yastahili kufundishwa kama zinavyofundishwa kazi nyingine.

Lakini je, hufundishwa namna gani? Wengi wetu tumekwisha kuona. Jumapili jioni kijana huchukuliwa na rafiki yake mpaka kiwanja cha mpira. Huonyeshwa klachi, gia na mahali pa kuvuta mafuta. Pikipiki humzimikia mara tatu nne, kisha huondoka. Akizunguka magoli yote mawili asianguke, wenzake hupiga makofi na kusema, "Huyu ameshajua!" Siku ya tatu yupo barabara ya Kilwa, na nyuma yake ameketi mama wa mtu.

Mimi nasema kijana huyo amejua nusu tu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Kwenda ni kazi ya injini. Kusimama ni kazi ya mtu. Injini haichagui mahali pa kupunguza mwendo, wala haijui ya kuwa mtoto anataka kuvuka. Tunawapa vijana wetu chombo kwa sababu wamejua kukiondoa, wala hatuwaulizi kama wamejua kukizuia.

Tuliosoma Fizikia tunaweza kulihakikisha jambo hili kwa hesabu. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya chombo huzidi mara nne. Chukua pikipiki inayokwenda kilometa 30 kwa saa, juu ya lami kavu, na breki zake nzuri. Dereva akihitaji sekunde moja tu ili aone hatari na kushika breki, atakuwa amekwisha kwenda mita 8, na breki zitahitaji mita 7 nyingine. Jumla ni mita 15. Sasa mpe kilometa 60. Katika sekunde ile moja atakwenda mita 17, na breki zitahitaji mita 28. Jumla ni mita 45, yaani mara tatu ya zile za kwanza. Na anayepiga kichwa chake ukutani kwa mwendo huo hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka juu kiasi cha mita 14, ambao ni urefu wa nyumba ya ghorofa nne. Si ajabu basi kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika mahali penye makazi ya watu.

Hesabu hiyo ni ya lami kavu. Mitaa yetu ina mchanga, na mvua ikinyesha huusukuma mchanga huo mpaka juu ya lami, hasa pale njia ya ndani inapokutana na barabara kuu. Hapo ndipo mgeni wa pikipiki anapoanguka. Katika lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito mwingi huelemea mbele wakati wa kusimama. Lakini katika mchanga, breki ile ile ikibanwa ghafula, gurudumu la mbele hugoma kuzunguka, huteleza, na pikipiki hulala chini kabla dereva hajasema neno. Mwenye kujua hupunguza mwendo kabla ya kuufikia mchanga, hunyosha usukani, na breki huzishika zote mbili kidogo kidogo. Mambo haya hayajulikani kwa kuzunguka magoli.

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, aliyapata hayo mwaka jana. Alikuwa na umri wa miaka 19, na pikipiki aliyopewa kwa mkataba ilikuwa haijatimiza juma moja mikononi mwake. Asubuhi moja baada ya mvua, huko Mbagala, daladala iliyokuwa mbele yake ilisimama ghafula kuchukua abiria. Yeye alikata kushoto, akaingia kwenye mchanga wa kando ya barabara, akabana breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Kofia ngumu alikuwa nayo kichwani, lakini mkanda wa kidevuni hakuufunga, nayo ikaruka peke yake mtaroni. Kwa rehema za Mungu aliangukia bega. Alivunjika mtulinga, akakaa majuma sita mkono umefungwa shingoni. Mwenye pikipiki aliitengeneza na kumpa kijana mwingine.

Lakini nyuma yake alikuwa amepakia mama mmoja muuza samaki. Mama yule alivunjika mguu. Meza yake ilikaa bila samaki muda wa miezi mitatu, na watoto wake wawili walihamia kwa bibi yao. Ndugu yangu alipona. Lakini hasara ya mama yule hakuna aliyeilipa mpaka leo.

Tulipokwenda kumpa pole, wakubwa waliokuwapo walisema neno lile lisemwalo siku zote: "Ajali haina kinga." Naomba radhi kwa wazee wangu, maana najua husemwa kwa huruma, ili mgonjwa asijilaumu. Kama neno la kufariji, ni jema. Kama neno la kutueleza sababu, si kweli. Mchanga ule ulikuwapo jana yake, na kila mtu wa mtaa aliujua. Mkanda ulikuwapo kwenye kofia. Daladala kusimama ghafula si jambo geni katika mji wa Dar es Salaam. Ni jambo gani basi pale lililokuwa halina kinga?

Wako wengine duniani waliokataa kutosheka na neno kama hilo. Mwezi wa Mei mwaka 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyesifika Arabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumba yake huko Uingereza. Akawakuta wavulana wawili wa baiskeli, akajaribu kuwaepuka, akatupwa chini. Kichwani hakuvaa kitu. Baada ya siku sita alikufa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyu hakusema ya kuwa ni bahati mbaya akanyamaza. Alichunguza vichwa vya waendesha pikipiki walioumia, na mwaka 1941 alitoa maandishi yake juu ya faida ya kofia ngumu. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliwaamuru waendesha pikipiki wake kuivaa. Uchunguzi wa nchi nyingi uliokusanywa pamoja mwaka 2008 ulionyesha ya kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinga hii tunayo, na sisi huitundika kwenye usukani, tukaivaa tunapomwona trafiki, kana kwamba inamkinga mtu na faini tu!

Sasa nitasema yanipasayo kusema, nami naomba nisikilizwe na kila upande.

Kwenu wazazi na walezi: mnapohesabu fedha ya kumnunulia kijana pikipiki, msiseme imetimia mpaka mmeongeza ada ya mafunzo, leseni ya daraja A, bima, na kofia ngumu mbili, moja ya dereva na moja ya abiria. Mafunzo yapo karibu nasi. VETA wapo hapa hapa Chang'ombe. Mwenye fedha ya chombo akikosa fedha ya mafunzo, basi chombo na kingoje. Na ninyi mnaokodisha pikipiki kwa mkataba, msimdai mgeni hesabu kamili katika majuma mawili ya kwanza. Hesabu ya jioni ndiyo imfanyayo kijana akimbie, apite kulia na kushoto kwa magari, aingie hata njia ya mabasi ya mwendokasi. Nafuu ya siku chache ni ndogo kuliko gharama ya kuunda pikipiki upya.

Kwenu ndugu zangu tutakaomaliza shule mwaka huu: jifunze kusimama kabla hujajifunza kukimbia. Chora mstari kiwanjani, njoo kwa kilometa 30, usimame juu yake. Fanya hivyo mara hamsini katika udongo mkavu, kisha mara hamsini katika mchanga kwa mwendo mdogo zaidi. Halafu mpakie mwendeshaji mzoefu, urudie yote, kwa maana pikipiki zetu hizi zina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 100, na watu wazima wawili huushinda uzito wa chombo chenyewe. Atakapokuambia yeye ya kuwa haogopi kuketi nyuma yako, hapo ndipo umchukue mama wa mtu.

Kwetu sote tulio abiria: tuna vinywa. Kumwambia dereva "punguza mwendo, kaka" si kumtukana. Na desturi hii ya mishikaki, wanafunzi watatu juu ya pikipiki moja asubuhi ili wawahi kengele, yafaa ikome. Afadhali kuchelewa na kuadhibiwa kuliko kutofika.

Kwa walimu wetu nina ombi moja dogo. Mtihani wa mwisho ukiisha, kabla hatujatawanyika, tupewe siku moja. Aitwe askari wa usalama barabarani, aitwe na dereva mzoefu wa kijiwe kilicho mbele ya lango letu, watufundishe katika kiwanja chetu cha mpira yale niliyojaribu kuyaandika hapa. Tumekaa miaka minne tukifundishwa mambo ambayo baadhi yetu hatutayatumia tena. Siku moja kwa ajili ya jambo ambalo wengi wetu tutalitumia mwezi ujao si nyingi.

Najua wako watakaosema ya kuwa kijana mwenye njaa hawezi kungoja majuma mawili. Mimi nawajibu hivi: mfupa uliovunjika hungoja majuma sita, na tumbo halipati likizo. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haumii sana. Pikipiki itatupeleka mbali, nami nataka itupeleke. Lakini kila safari huishia pale mtu anaposimama, na asiyejua kusimama hasemi kuwa anajua safari.