Mwalimu Aliyeingia Uwanjani Mwenyewe

Muhula uliopita ulizuka ubishi mkubwa bwenini kwetu. Timu yetu ilikuwa imefungwa mabao matatu kwa bila na wageni, na wakubwa wakakata shauri kwamba kosa si la wachezaji bali la mwalimu wa michezo, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mchezaji wa sifa. "Asiyejua kufunga bao atamfundisha nani kufunga?" wakasema. Nilinyamaza, kwa kuwa waliokuwa wakisema walinizidi umri na vidato. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nitoe yangu, na shahidi wangu ni Kalusha Bwalya wa Zambia.

Kalusha alizaliwa mwaka 1963 huko Mufulira, mji wa migodi ya shaba. Alikuwa mshambuliaji wa guu la kushoto. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988, huko Korea, Zambia iliifunga Italia mabao manne kwa bila, na matatu kati ya hayo yalikuwa yake peke yake. Mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika. Alikwisha kuchezea Ubelgiji, kisha akaenda Uholanzi, akatwaa ubingwa mara mbili akiwa na timu ya PSV Eindhoven.

Tarehe 27 Aprili, 1993, ndege ya jeshi iliyoichukua timu ya Zambia kwenda Senegal ilianguka baharini karibu na Libreville, katika nchi ya Gabon. Watu 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Kalusha hakuwamo, kwa kuwa alikuwa asafiri peke yake kutoka Uholanzi. Kikakusanywa kikosi kipya, yeye akawa nahodha, na mwaka haujatimia wakafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Tunisia, wakafungwa na Nigeria 2 kwa 1. Mwaka 1996 walipata nafasi ya tatu, na katika mashindano yale yote hakuna aliyefunga mabao mengi kuliko yeye, matano. Sidhani yuko mtu anayeweza kuniambia kwamba huyu hakujua mpira.

Basi akapewa kuifundisha timu ya taifa. Mwezi wa Septemba, 2004, Zambia ilikuwa ikicheza na Liberia kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Mchezo ukaelekea kwisha bila bao. Mwalimu, umri wake miaka 41, akavua koti la ualimu, akaingia uwanjani mwenyewe, na kwa mpira wa adhabu akafunga bao moja la ushindi. Hadithi hii hupendwa sana, nami nilipoisikia mara ya kwanza nilipiga makofi kama wenzangu.

Lakini hebu tuitazame tena. Vijana waliokuwa uwanjani siku ile walijifunza nini? Waliona kwamba shida ikizidi, mzee atakuja kuwatoa. Mimi naona bao lile, pamoja na uzuri wake, lilikuwa dalili mbaya. Lilionyesha kwamba guu la kushoto la Kalusha lilikuwa bado mwilini mwa Kalusha, halijahamia kwa mwingine. Zambia haikwenda Kombe la Dunia. Ilibaki nyuma ya Togo na Senegal. Mwanzoni mwa mwaka 2006, katika Kombe la Mataifa huko Misri, walifungwa na Tunisia na Guinea, wakaishinda Afrika Kusini tu, wakarudi nyumbani. Kalusha akajiuzulu. Wako waliomcheka kwa hilo. Mimi namheshimu, maana mtu wa sifa kama zake ni vigumu kukubali kwamba kazi fulani imemshinda.

Na tazameni alichofanya baadaye. Mwaka 2008 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha mpira cha Zambia, na mwaka uleule timu ikakabidhiwa kwa Hervé Renard, Mfaransa ambaye katika ujana wake alikuwa beki asiye na jina kubwa, na aliyewahi kuishi kwa kazi ya kufagia na kusafisha majumba. Renard aliondoka, kisha akarudishwa. Mwezi wa Februari, 2012, vijana wake walifika Libreville, wakaweka maua ufukweni kwa ajili ya wale waliokufa, wakaishinda Ivory Coast kwa penalti 8 kwa 7. Kombe ambalo Kalusha alilikosa kwa guu lake na kwa ualimu wake, alilipata kwa kumwachia kazi mtu ambaye hakumfikia hata nusu kwa uchezaji.

Wakubwa zangu wa bwenini watajibu kwamba Zambia ni Zambia, na sisi ni sisi. Sawa. Lakini Jumamosi iliyopita, wao wakiwa wamekwenda kuoga, nilimwona mwalimu wetu akiwa kwenye kona ya uwanja na mvulana mmoja wa Kidato cha Pili. Alimwekea mpira, akarudi nyuma, akamwambia apige tena. Nilihesabu mara kumi na nne, kisha kengele ya chakula ikalia, nikawaacha wakiendelea.