Mabati yangoje, au tiba ingoje?

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia ujumbe mrefu kuhusu mke wake. Ninaufupisha kwa ruhusa yake, na nimeondoa yale ambayo yangemtambulisha.

“Dada, mke wangu alianza baada ya kujifungua mtoto wetu wa pili. Kwanza ilikuwa kunawa mikono tu. Sasa anaosha hadi vitasa vya milango, na mimi nikirudi kazini navua nguo uani ndipo niingie ndani. Usiku anaamka mara sita, mara nane, kuangalia kama jiko la gesi limezimwa. Visu amevifungia kabatini na ufunguo kanipa mimi, hataki kusema kwa nini. Tumeombewa, tumekwenda hadi kwa mtaalamu wa tiba asili. Hospitali ya serikali walimpa dawa, lakini daktari akasema anahitaji pia mtu wa saikolojia, na kwao foleni ni ndefu. Nimempata wa binafsi. Kikao kimoja ni shilingi 80,000 na anataka tuanze na vikao 12. Hiyo ni 960,000. Fedha niliyonayo ni ya kuezekea nyumba, na tulipopanga mwenye nyumba hatupi raha. Nifanyeje?”

Kaka, nimeuzungusha ujumbe wako kichwani wiki nzima, kwa sababu najua kuezeka ni nini kwa mtu anayelipa kodi. Jibu langu ni lipa. Ila usilipe vikao 12 kwa mkupuo. Lipa vinne kwanza, na kabla ya kulipa hata hivyo vinne, piga simu uulize maswali nitakayokueleza.

Ugonjwa unaouelezea madaktari huuita kwa kifupi OCD. Mimi siwezi kumpima mkeo kupitia gazeti, hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona, lakini dalili ulizoandika ndizo hasa zake. Una sehemu mbili. Kuna wazo linalokuja bila kualikwa na halitoki: mikono michafu, gesi inavuja, mtoto atadhurika. Halafu kuna tendo la kuipoza hofu hiyo: kunawa, kuangalia, kuhesabu, kuuliza. Tendo linapoza kweli, lakini kwa dakika chache. Kesho hofu inadai tena, na safari hii inadai zaidi, kwa sababu kila mara mtu anapoitii anaondoka akiamini kwamba kilichomwokoa ni kule kunawa.

Si ugonjwa wa ajabu. Kati ya watu 100, mmoja hadi watatu huupata wakati fulani wa maisha, na kipindi cha baada ya kujifungua ni kimojawapo cha nyakati unazopenda kuanza au kuzidi. Watu wa pwani wanaujua tangu zamani kwa jina la wasiwasi: yule anayerudia udhu mpaka imamu anatoa salamu yeye bado yuko bombani. Masheikh humwambia asirudie, hata roho ikimkaba. Mapadri nao wanamjua muumini anayerudi kuungama dhambi ileile iliyokwisha kusamehewa, na humkataza. Ushauri wa namna hiyo uko karibu sana na tiba yenyewe kuliko mambo mengi ambayo familia hulipia.

Tiba yenyewe ni hii. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliosaidiwa kwa kugusa walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya tendo la kujipoza. Kutokana na hapo ilikua tiba ambayo leo ndiyo ya kwanza kupendekezwa kwa ugonjwa huu. Mgonjwa na mtaalamu hupanga hofu kama ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa. Mkeo anaweza kuanza kwa kushika kitasa cha mlango wa chumbani na kukaa nusu saa bila kunawa. Moyo utaenda mbio, atatamani bomba. Asipolifuata, atajifunza jambo ambalo maneno hayawezi kumfundisha: kwamba hofu inavumilika, na mara nyingi inashuka yenyewe. Kesho anarudia. Wiki ijayo anapanda ngazi nyingine, na jiko la gesi litafika zamu yake.

Sasa rudi kwenye 80,000 zako. Hapa mjini watu wengi wanaojiita washauri nasaha ni wasikilizaji wazuri. Wanafaa kwa msiba, kwa ndoa, kwa kijana aliyefeli mtihani. Kwa ugonjwa huu, kukaa saa nzima ukizungumzia utoto wako na kutuliwa moyo kwamba “hakuna kitakachotokea” hakusaidii, na kunaweza kuwa sawa na kunawa mikono kwa maneno. Mgonjwa anatoka mwepesi, Jumatano hofu imerudi, wiki inayofuata analipa tena apozwe tena. Unaweza kumaliza pesa ya mabati na ya saruji kwa namna hiyo, na kila mtu akasema tiba haifanyi kazi.

Kwa hiyo mpigie huyo mtaalamu. Muulize amesomea saikolojia tiba wapi, na ameshawatibu wangapi wenye tatizo hili. Muulize atakachofanya katika kikao cha tatu. Akikutajia ngazi ya hofu, mazoezi ya kukabili kinachoogopwa, na kazi ya kufanya nyumbani kila siku, huyo anaijua kazi. Akisema “tutazungumza tu, tuone inavyokwenda”, mshukuru na ukate simu. Muulize pia kama anatumia dodoso la kupima ukali wa ugonjwa mwanzoni na kulirudia baadaye. Lipo linalotumika duniani kote tangu 1989, lina maswali kumi na alama kutoka 0 hadi 40. Alama za mwanzo zikiwa 28 na baada ya vikao vichache vya mazoezi hazijasogea hata kidogo, mna haki ya kukaa chini na kuulizana kwa nini. Fundi asiyekubali kupimiwa ukuta kwa timazi humpi kazi, na huyu naye mpimie.

Kwa nini nimesema vinne? Kikao cha kwanza ni historia, cha pili ni kupanga ngazi, cha tatu na cha nne lazima mazoezi yawe yameanza. Kwa 320,000 utakuwa umejua kama umenunua tiba au maneno. Si ahadi ya kupona. Kwa kawaida tiba hii huchukua kati ya vikao 12 na 20, na kuna wanaohitaji zaidi. Lakini si wote. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2005 unasema mwenye ugonjwa mwepesi anaweza kuanza na saa zisizozidi kumi za mtaalamu, nyingine akifanya mwenyewe kwa kitabu. Mkeo, kwa unavyoeleza, si mwepesi. Usimkate mapema kwa kubana matumizi.

Mwulize pia kama baadhi ya vikao vinaweza kufanyika kwa simu ya video. Kwa ugonjwa huu si ujanja wa kukwepa nauli: jiko linalomtisha liko kwenu, haliko ofisini kwa mtu. Kama una bima, waulize wakujibu kwa maandishi kama wanalipia vikao au dawa tu, kabla hujatoa fedha mfukoni.

Nataka nikae kidogo kwenye vile visu, maana uliviandika kwa sentensi moja kisha ukavikimbia.

Mama wengi baada ya kujifungua hupitiwa na wazo la kutisha: vipi kama nikimdhuru mtoto? Kwa wengi linapita. Mwenye OCD linamganda, anaona ni ushahidi kwamba yeye ni mtu mbaya, basi anaficha visu, anakataa kumwogesha mtoto, na hamwambii mtu kwa hofu ya kunyang'anywa mwana. Wazo hilo si nia. Linamtesa kwa sababu ni kinyume cha anachokitaka. Anayejua kazi amelisikia mara nyingi wala hatashtuka, na hili peke yake ni sababu ya kulipia mtu anayejua: asiyejua anaweza kumtia hofu mara mbili. Sijui kama ndilo linalomsibu mkeo, na wewe usimbane. Mwambie tu kwamba umesoma kuwa yapo na yanatibika.

Kuna hali nyingine ambayo si hii. Mama akianza kusikia sauti, au kuamini kabisa kwamba mtoto ni shetani au ametumwa, au akakosa usingizi siku kadhaa huku akisema mambo yasiyoeleweka, hapo hakuna kupanga vikao wala kuhesabu mabati. Ni hospitali usiku huohuo, na mtoto akae na mtu mwingine.

Kuhusu hesabu yako, umeandika upande mmoja tu wa daftari. Andika na ule mwingine. Bili ya maji ilikuwa ngapi kabla, na sasa ni ngapi? Sabuni, spiriti, nguo zilizochakaa kwa kufuliwa? Siku ambazo mkeo hakufungua biashara yake, kama anayo? Sadaka ya maombezi na ya yule wa tiba asili ilikuwa shilingi ngapi, na mbona hiyo hukuniuliza? Silaumu, karibu kila familia huanzia huko. Nasema tu kwamba fedha ya mabati imeshaanza kutumika, ila hakuna anayetoa risiti.

Jambo moja halina bei, nalo ni lako. Unavua nguo uani. Unakagua gesi yeye akikuuliza. Unafanya kwa mapenzi, lakini nyumba nzima ikiitii hofu, hofu inapata watumishi wengi. Usiache vyote kwa siku moja wala kwa ugomvi. Mwombe mtaalamu kikao kimoja muingie wote wawili, mkubaliane naye mnaanza kuacha kipi. Kisha usiku akikuuliza, “Baba watoto, gesi umezima?” umjibu mara moja, na mara ya pili umwambie kwa upole, “Tulikubaliana sitajibu tena. Najua ni ngumu, niko hapa.” Utajisikia katili wiki ya kwanza. Watoto, kama wameshaanza kutumwa kukagua, waondoeni kwenye kazi hiyo.

Na foleni ya hospitali ya serikali usiiache. Mwandikisheni hata kama ni ya miezi, kwa sababu vikao vya kulipia vinaweza kuisha kabla ya kazi kuisha, na daktari wa dawa mtamhitaji bado. Dawa za ugonjwa huu, kama fluoksetini au setralini, huchukua hadi wiki 12 kuonyesha matokeo, na mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona. Kama mkeo ana wiki tano tu, msiseme zimeshindwa. Asiziache ghafla kwa sababu vikao vimeanza, na kama ananyonyesha amwambie daktari, zipo zinazotumika bila kumwachisha mtoto.